Kabla ya Kukabidhi Basi

Mumewe hakuipenda ile njia iliyotengwa kwa mabasi tu tangu siku mafundi walipomwaga zege la kwanza. Alikuwa dereva wa teksi, na kwake barabara ilikuwa kama shamba la urithi: ukimega upande mmoja ukampa mtu mwingine, umemdhulumu. Na huyo mtu mwingine, mambo ya dunia haya, akaja kuwa mkewe. Kampuni ya mabasi ilipotangaza kazi, mkewe aliacha kuendesha gari la kubeba wanafunzi, akaenda kujaribiwa, akafaulu, akapewa basi refu lenye kiungo katikati. Tangu hapo kila asubuhi mke akawa anampita mume. Mke yuko kwenye njia yake nyeupe, tupu, mume yuko kwenye foleni, kioo ameshusha, mkono unaning'inia nje, anatazama matako ya lori.

Wenzake wa teksi hawakumwacha hivi hivi. "Baba Nesi, mkeo kakupita tena, na honi hakukupigia." Walimwita Baba Nesi kwa sababu binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa anasomea uuguzi, naye jina hilo alilivaa kwa maringo. Utani wa kupitwa aliucheka kijiweni, ila nyumbani hakuugusa kabisa. Mtu akilinyamazia nyumbani jambo analolicheka kijiweni, ujue limemkaa rohoni.

Lakini tuseme haki. Njia ile ilikuwa na faida, na anayekataa ni mbishi tu, hana lolote. Zamani watu wa pembezoni mwa mji walitoka nyumbani watoto wamelala na kurudi watoto wamelala. Kuna baba mtoto wake alimkimbia siku ya mapumziko akidhani ni mgeni. Mama wa usafi wa maofisi alikuwa akifika kazini amechoka kabla hajashika fagio. Leo anapanda, anapata hata pa kuegemea, anafika, anakunywa chai yake kwa nafasi kisha ndiyo anaanza kazi. Basi moja linabeba watu ambao kama kila mmoja angekuja na gari lake wangeziba barabara kutoka sokoni hadi darajani, na ndani ya kila gari mtu mmoja amekaa anajikuna. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Abiria walimpenda dereva wao. Walimwita Mama Taratibu kwa jinsi alivyokanyaga breki, mtu amesimama ameshika mtoto na mfuko, wala hayumbi.

Sasa, penye njia tupu hapakosi mjanja. Madereva wa magari madogo walikuwa wanaivamia. Na ubaya wa njia ile ni kwamba ina ukingo wa zege huku na huku. Ukiingia umeingia, hutoki mpaka makutano yanayofuata, na basi lililo nyuma yako litakufuata kwa mwendo wako, na mabasi yaliyo nyuma yake vilevile. Mjanja mmoja anachelewesha kijiji kizima. Ndiyo maana kila basi lilifungwa kamera mbele, na kushoto kwa usukani kikawekwa kitufe chekundu. Dereva akibonyeza, kamera inahifadhi picha ya aliyevamia.

Mwalimu aliyewafundisha madereva alikuwa mkali kama pilipili. "Usitazame ni nani," aliwaambia. "Ukimtazama utamwonea huruma, na huruma yako wanailipia abiria wako. Mkono utangulie, jicho lifuate." Wakazoezwa, wakazoezwa, mpaka mkono ukawa hauulizi. Ukibonyeza, taa ndogo inawaka juu ya dashibodi, na abiria wa viti vya mbele walikwisha kuijua. "Kabonyezwa huyo," mmoja angesema, na kicheko kingekwenda mpaka mlango wa nyuma. Mama Taratibu alikipenda kicheko hicho, tusimfiche.

Adhabu nayo ilikuwa wazi. Mara ya kwanza unaonywa, mara ya pili unatozwa faini, na mara ya tatu, kama gari lako ni la biashara ya abiria, unanyang'anywa kibali, hakirudi. Baba Nesi alikwisha kunaswa mara mbili, zote na mabasi ya watu wengine. Ile ya pili alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu.

"Wenzako wamenibonyeza tena," alisema.

"Si wenzangu. Ni kamera."

"Kamera haina kidole, Mama Nesi."

Mkewe aliinama, akaanza kumfungua viatu.

Ila ulikuwepo mlango wa nyuma. Kila zamu inapokwisha, dereva anapeleka basi yadi, anapanga foleni kwenye dirisha la msimamizi, na msimamizi anamuuliza kila mtu swali lilelile: "Kuna la kufuta?" Swali hilo liliwekwa kwa nia njema. Kidole hukosea, unaweza kumbonyeza zimamoto au gari la wagonjwa, nao wana haki ya kupita. Unasema, "Nilibonyeza kwa bahati mbaya," msimamizi anafuta, yamekwisha. Ukishakabidhi basi, picha zinakwenda serikalini, na hapo hata uangue kilio hazirudi. Basi watu ni watu. Swali la nia njema likageuzwa la udugu: huyu anamfutia mjomba, yule anamfutia mwenye nyumba wake. Wenyewe waliita kufutiana.

Na aliyekupinga hadharani kufutiana ni nani? Ni Mama Taratibu huyuhuyu. Kulikuwa na dereva mwenzake, Kipara, mtu mpole, aliyeomba kumfutia shemeji yake mwenye teksi, na basi alikuwa bado hajalikabidhi. Jioni ileile kwenye mkutano wa madereva, wakubwa wa kampuni wamekaa mbele, Mama Taratibu akasimama. "Kipara, shemeji yako ana haraka, tumesikia. Na hawa watu waliosimama nyuma yangu wamebanana, wao wanakwenda kutalii?" Ukumbi ukaangua kicheko. Akaongeza kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na akapigiwa makofi. Msimamizi, kwa kuona haya mbele ya wakubwa, akaizuia picha ile isifutwe. Ilikuwa ya tatu kwa yule shemeji. Kibali kikaenda, gari likauzwa, na dada yake Kipara akahamia kwa Kipara na wanawe wote. Kipara hakugombana na mtu. Alimwambia Mama Taratibu neno moja tu, wakiwa wanasubiri funguo: "Mkuki kwa nguruwe, dada." Hakulimalizia. Tangu siku ile alikuwa akimsalimu kwa kidevu.

Ndipo ikaja siku ya mtihani wa mwisho wa binti yao. Chuo kile kilikuwa hakina mzaha. Lango likishafungwa, uwe mtoto wa nani, unarudi mwakani. Jana yake jioni wazazi walivutana mezani.

"Atapanda na mimi," alisema mama. "Nitamshusha mbele ya chuo mlinzi bado anapiga miayo."

"Siku ya mtihani mwanangu hasimami kwenye basi amebanwa kama mzigo," alisema baba. "Nina gari. Gari hili ndilo lililomsomesha, na ndilo litakalomfikisha."

"Gari lako litamfikisha kwenye foleni."

Baba Nesi aliangalia kikombe chake. Binti akamgusa mama yake mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, acha anipeleke. Anataka." Mama akaacha. Alisema tu watoke mapema. Hawakutoka mapema, kwa sababu asubuhi ile baba mtu aliamka akaosha gari, nje na ndani, akafuta hata mikanda, mtoto amesimama mlangoni na mkoba wake anahesabu pumzi.

Na ndiyo siku lori la mchanga lilipoamua kuvunja ekseli katikati ya barabara kubwa. Foleni ilikamata mpaka magari ya nyuma kabisa yakazima injini, watu wakatoka kusimama kwenye vizingiti vya milango kutazama mbele. Mama Taratibu alikuwa anashuka kutoka kituo cha sokoni, basi limejaa, njia yake nyeupe kama siku zote, anamwomba Mungu kimoyomoyo kwamba wale wawili wawe wamelitangulia lile lori. Ghafla, pale ukingo unapolazwa chini ili waenda kwa miguu wavuke, gari dogo likapanda, likaruka, likatua mbele yake.

Mkono ukaenda. Taa ikawaka.

"Kabonyezwa huyo," alisema fundi ujenzi aliyekaa kiti cha mbele, na kicheko kikaenda mpaka nyuma.

Breki zilipokwisha kushika, ndipo jicho likafuata. Gari lilikuwa linameremeta kwa kuoshwa. Buti lilikuwa na bonyeo upande wa kulia, na bonyeo hilo aliliweka yeye mwenyewe alipokuwa akirudi nyuma getini kwao. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kichwa kimefungwa kitambaa cheupe cha uuguzi. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe. Akakiondoa kana kwamba kimeungua, lakini taa ilikwisha kuwaka, haizimiki.

"Hawa ndio wanaotuponza," alisema mama wa usafi nyuma yake. "Ahsante, Mama Taratibu. Wakomeshwe."

Alilifuata lile gari kwa mwendo wake. Kwenye kioo cha pembeni cha teksi aliona kipande cha uso wa mumewe, kisha mkono ukatoka dirishani ukampungia. Alidhani anaomba radhi. Kwenye makutano teksi ikakata kushoto, na kwa kuwa taa za barabarani zilimsimamisha yeye, aliona yote: mlango ukafunguka kabla gari halijasimama, binti akatoka mbio, sketi ameishika mkononi, mlinzi akiwa tayari anasukuma lango. Akapenya. Lango likafungwa nyuma yake.

Mama Taratibu alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Papo hapo akapandwa na hasira, hasira ya kweli, ya kutaka kumtoa mtu garini kwa kola. Angepanda na mimi angekuwa amekwisha kukaa, amenoa penseli. Kisa gari. Kisa kiburi cha mwanamume na ndoo ya maji ya sabuni.

Hata hivyo, neno la kufanya lilikuwa wazi, na hakulitilia shaka mchana kutwa. Atafuta. Mtoto kafika, kibali kibaki, mambo yaishe. Kila alipofunga milango alilirudia kimoyomoyo: nilibonyeza kwa bahati mbaya. Wala usingekuwa uongo hasa, maana mkono wenyewe haukumuuliza. Alijiona mtu aliyebeba dawa mfukoni. Anachongoja ni kufika tu.

Zamu ikaisha, akapeleka basi yadi, akapanga foleni dirishani. Akasikia nyuma yake mtu anakohoa. Ni Kipara.

"Pole na foleni ya leo, dada," alisema Kipara. "Nimesikia upande wako ndiko kulikoharibika."

Hiyo ilikuwa salamu ya kwanza ya mdomo tangu ule mkutano. Angekuja amenuna, ingekuwa nafuu. Mama Taratibu angeng'ata meno, angesema lake, angekwenda zake. Lakini mtu amemsamehe, au amechoka tu kukasirika, na kachagua saa hiihii kuonyesha. Alitaka kumuuliza dada yake hajambo. Aliogopa jibu.

"Kuna la kufuta?" aliuliza msimamizi bila kuinua kichwa.

Nyuma yake alisikia Kipara anasogeza mguu. Alikumbuka makofi ya siku ile, alivyokaa chini ametanua mabega. Maneno yalikuwa yamekaa ulimini, ameyarudia kutwa nzima, na hayakutoka.

"Mama Taratibu. Kuna la kufuta?"

"Hakuna."

Msimamizi akapokea funguo, akabonyeza vitu vyake kwenye kompyuta, akasema, "Anayefuata."

Watu wakija kukusimulia habari hii watakwambia yule mama alikuwa mwadilifu. Wewe wasikilize tu. Haukuwa uadilifu. Ilikuwa haya, haya ya kuonekana na mtu mmoja mwenye kipara, na ndani yake chembe ya ile hasira ya asubuhi. Alijua mwenyewe, hata kabla hajafika getini. Ndiyo maana aligeuka. Alirudi karibu kwa kukimbia, Kipara keshaondoka, dirisha li wazi bado.

"Basi langu," alisema.

"Limeshakwenda, picha zote zimeshakwenda," alisema msimamizi. "Kwani umesahau nini?"

"Chupa yangu ya chai."

Msimamizi alimtazama. "Si hiyo mkononi?"

Nyumbani kwao kicheko alikisikia tangu uchochoroni. Alipoingia, binti alikuwa amekaa sakafuni bado na sare yake, uso umenawiri. Mtihani ulikuwa umekwenda vizuri, bado wa vitendo tu kesho. Baba Nesi alisimama, akavuta kiti kwa ajili ya mkewe, akammiminia chai. Ndoa yote ile, kummiminia mkewe chai ilikuwa kitu cha sikukuu.

"Kaa, Mama Nesi, usikie. Lori limelala barabarani, mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki, mtoto ananiambia baba tumechelewa. Nikamwambia funga mkanda. Najua fika, ni mara ya tatu. Nimeruka nimetua, natazama kioo, naona basi. Nikasema leo nimekwisha. Kibali kimekwenda, na kazi nyingine siijui. Natazama vizuri usukanini..." Akacheka, akamwonyesha mkewe kwa kidole. "Ni wewe. Nikapumua mpaka kioo kikaingia ukungu. Nikamwambia huyu, tumepona, ni mama yako. Sikusema?"

"Ulisema," alisema binti.

"Nikakupungia na mkono."

"Niliuona," alisema mkewe.

Baba Nesi akakaa. Sauti ilimshuka kidogo, kama mtu anayetoa kitu alichokificha muda mrefu. "Njia yenu ile nimeichukia sana, na wewe unajua. Leo nimepita ndani yake. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Wale wote wamekaa wanaozea juani, sisi tunakwenda tu. Nimeona ujinga wangu. Kesho huyu atapanda na wewe, sitaki ubishi na mtu."

Mama Taratibu aliweka kikombe mezani, hakukinywa.

"Baba Nesi, nilibonyeza."

Mumewe alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akaona uso wake.

"Mkono ulitangulia," alisema mkewe. "Taa ikawaka."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo juu ya saruji. Baba Nesi aliuvuta mlango, akaufunga.

"Kabla hujaniona, au ulipokwisha kuniona?"

"Kabla."

Na hilo lilikuwa kweli tupu. Mumewe akashusha pumzi, akajipangusa uso kwa kiganja. "Basi. Mkono ni mkono, hauna macho. Mimi mwenyewe nikipanda gari la mtu nakanyaga breki ambayo haipo." Akamsogezea sukari. "Na ulipofika yadi ukafuta."

Hakuwa anauliza. Mambo ya kufutiana yalijulikana na kila dereva wa mji ule. Yule shemeji yake Kipara alikuwa akiegesha kijiwe kimoja naye, gari la tatu kutoka lake. Binti ndiye aliyetangulia kuelewa. Alimtazama mama yake, akaacha kutabasamu.

"Mama," alisema.

"Sikufuta."

"Walikuwa wamefunga?" aliuliza Baba Nesi.

"Walikuwa hawajafunga. Aliniuliza. Aliniuliza mara mbili."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hakuna."

Baba Nesi hakupandisha sauti. Angefoka angemsaidia. Alibaki anaitazama ile chai aliyoimimina kwa mkono wake, inapoa.

"Mimi nilimwambia mtoto tumepona," alisema.

Mkewe alifungua mdomo kumweleza habari za mkutano, za Kipara na dada yake, za mama wa usafi na fundi ujenzi na wote wale waliosimama nyuma yake wakitaka kufika kazini. Yote yalikuwa kweli. Hakusema hata moja.